Nina presha, na mawe ninayo hapa Mwanza: niende hifadhi ya mlima kutafuta nini?

Swali: "Nina miaka 54, ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza. Watoto wangu watatu wamechanga fedha ili mimi na baba yao tusherehekee miaka 30 ya ndoa, na wanataka twende sote kwenye hifadhi ya milima, ama Kilimanjaro ama Arusha penye Mlima Meru. Kusema kweli sioni sababu. Mawe tunayo hapa hapa Mwanza, na Serengeti iko jirani, ukienda unaona simba na tembo bila kutoka jasho. Isitoshe, nina presha na natumia dawa kila siku kwa mwaka wa sita sasa. Jirani yangu ameniambia niache dawa nikiwa mlimani kwa kuwa zinalegeza moyo. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 23, anabeba magunia mwaloni na anasema yeye atafika kileleni bila shida yoyote. Je, zipo sababu za msingi za mtu kama mimi kwenda huko, na je, ni salama?"

Shikamoo mama. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndani yake yamo maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kama mlimani kuna kitu kinacholingana na gharama na uchovu wa safari; la pili ni kama mwili wenye presha utaistahimili safari hiyo. Mimi ni mwikolojia, mzaliwa wa Nyegezi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutembea na wageni katika milima ya kaskazini, kwa hiyo la kwanza nitalijibu kwa kirefu. La pili nitalijibu kwa kadiri ninavyolijua kutokana na kazi hiyo, na kisha nitakuelekeza kwa daktari wako. Lakini lipo jambo moja ambalo haliwezi kungoja: usiache dawa zako hata siku moja. Jirani yako amekutakia mema, ila ushauri wake ni wa hatari, nami nitaeleza sababu nikifika huko.

Nianze na dhana ambayo naona ndiyo mzizi wa wasiwasi wako, yaani kwamba kwenda hifadhi ya mlima ni kupanda hadi kileleni. Ukisema Kilimanjaro, mtu anafikiria mara moja Kilele cha Uhuru, mita 5,895, baridi, watu waliojifunika hadi puani na picha chini ya kibao. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina kilele hicho, ni kweli, lakini kilele ni sehemu ndogo sana ya hifadhi, na kwa macho ya mtu anayependa viumbe ni sehemu yenye vichache kuliko zote. Utajiri wa mlima uko kwenye mteremko wake. Wapo watu wanaoingia asubuhi, wakatembea msituni kwa muda wa saa tatu au nne, wakala chakula chao cha mchana na kurudi getini kabla ya jioni, na wameuona mlima kwa maana kamili ya neno hilo. Huna deni lolote la kufika juu, na mtu asikufanye ujione umeshindwa kwa kuwa umeishia mita 2,700.

Sasa tuzungumzie mawe, maana umeligusa jambo ninalolipenda. Mawe ya Mwanza, yale ya Capri Point na Mabatini, na Jiwe la Bismarck lililosimama majini, ni graniti. Yalikuwa uji wa mwamba ulioyeyuka, ukapoa polepole chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, miamba iliyoyafunika ikamomonyoka kwa muda usiohesabika, yakabaki wazi, yakapasuka kwenye nyufa zake na kuviringwa na jua na mvua hadi yakaonekana kana kwamba yamepangwa na mtu. Milima ya Kilimanjaro na Meru ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni volkano: mwamba wake ulitoka ukiwa moto, ukamwagika juu ya ardhi tabaka juu ya tabaka, na umri wa Kilimanjaro wote haufiki miaka milioni 3. Kwa hiyo jiwe unaloliegemea pale mwaloni ni kongwe kuliko mlima huo karibu mara elfu moja. Mtu aliyekulia kwenye mawe ya kale kama sisi ana sababu nzuri zaidi ya kwenda kuona ardhi changa. Ukisimama Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ukautazama Meru, utaona kwamba ukuta wa mashariki wa mlima haupo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukamwagika bondeni, na vijiziwa vya Momella vimekaa kwenye mabonde madogo yaliyoachwa na kifusi kile. Vijiziwa hivyo vina magadi, na kila kimoja kina rangi yake kulingana na mwani, yaani mimea midogo sana ya majini, unaoota ndani yake. Wewe uliyezoea ziwa la maji baridi ambalo dagaa wake wataanikwa kesho asubuhi, utaona ajabu kusimama kwenye ukingo wa maji ambayo flamingo wanayafurahia na mwanadamu hawezi kuyanywa.

Sababu yangu ya pili ni ile inayonirudisha mlimani mwaka hadi mwaka. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Mwanza iko kwenye mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, kiko kwenye mita 2,700 hivi. Tofauti hiyo peke yake inakupa upungufu wa nyuzi 9. Mimea haiwezi kuhama ikapige jua mahali pengine, kwa hiyo kila aina hushika ukanda wake: chini kuna mashamba ya migomba na kahawa ya Wachaga, juu yake msitu mnene wenye unyevu, kisha vichaka vya baridi, kisha jangwa la mawe na majivu, na mwisho barafu. Ukitaka kuyapata mabadiliko hayo ya hewa ukiwa tambarare, ungesafiri maelfu ya kilomita kutoka ikweta kwenda nchi za baridi. Mlimani unayavuka kwa miguu yako kwa siku chache, na kanda mbili za chini unaziona kwa siku moja.

Katika msitu wa Marangu, kando kabisa ya njia, mahali ambapo watu wengi hupita wakihema na kutazama visigino vya aliye mbele yao, kuna ua dogo jekundu lenye manjano, lililojikunja kama mkonga wa mtoto wa tembo. Halizidi ukubwa wa kifundo cha kidole. Ua hilo halioti mwituni mahali pengine popote duniani ila Kilimanjaro. Mara zote huwaomba wageni wachuchumae walitazame, na mara zote wale waliokuwa na haraka ndio hukaa hapo muda mrefu zaidi. Juu ya vichwa vyao, ikiwa bahati ipo, kuna mbega. Utamjua kwa joho lake jeupe linalopepea anaporuka, na ukipata darubini tazama mkono wake: hana kidole gumba cha maana, ana vidole vinne virefu vinavyolishika tawi kama kulabu. Huyo ni mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya kuishi juu ya miti na kula majani. Msitu ukikatwa, hana pa kwenda.

Watoto wako, wakipanda hadi Horombo kwenye mita 3,720, watakutana na mimea miwili ambayo haifanani na chochote walichokiona. Mmoja una shina nene kama la mnazi, na majani yake yakifa hayadondoki, bali hubaki yamelifunika shina kama blanketi ili maji yaliyo ndani yasigande usiku. Mwingine ni lobelia, ambayo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji ya juu huganda na kuwa kifuniko cha barafu, na chipukizi lililo chini ya kifuniko hicho hubaki salama hadi jua linapochomoza. Huko juu ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku, na mmea usiojua kujifunika hufa.

Sababu ya tatu inakuhusu moja kwa moja kwa kazi yako, kwa kuwa mtu anayeanika dagaa ni mtaalamu wa mvua, apende asipende. Unafahamu jinsi wavuvi wanaotoka usiku na taa wanavyokutwa na radi na dhoruba ziwani kabla ya alfajiri, huku mjini anga likiwa limetulia. Hiyo hutokea kwa sababu usiku nchi kavu hupoa haraka na ziwa hubaki na joto. Hewa baridi ya pande zote hutiririka kuelekea majini, hukutana katikati, hukosa pa kwenda ila juu, na hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, ikipoa huacha maji yake. Mlimani kanuni ni hiyo hiyo, ila kinachoipandisha hewa ni mteremko wenyewe. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga Kilimanjaro na Meru, hulazimika kupanda, na mzigo wake wa maji unaangukia msituni. Miti hufanya zaidi ya kupokea mvua: majani na zile kuvu za kijivu zinazoning'inia kama ndevu huchuja ukungu, matone hudondoka hata siku isiyo na mvua, na udongo wa msitu huyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo kwenye chemchemi.

Hapa nirekebishe kosa ambalo hata watu waliosoma hulirudia. Wengi wanaamini kwamba mito ya Kilimanjaro inatokana na barafu ya kileleni, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Barafu kweli inaisha. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imetoweka, na ni huzuni kubwa. Hata hivyo mchango wake katika maji ya mito ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa ukanda wa msitu. Maji yanayoshuka kwa Mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani, yanayomwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme, ni maji ya msitu. Ndiyo maana mtu wa milimani huuogopa moto wa kiangazi na shoka kuliko anavyoiogopa barafu kuyeyuka. Na sisi wa ziwani tusidhani jambo hili ni la watu wa Moshi peke yao. Maji mengi ya Ziwa Victoria, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, lakini mito inayoliongezea hutoka milimani: Kagera huanzia kwenye nyanda za juu za Rwanda na Burundi, ukiwemo msitu wa Nyungwe ambao nao ni hifadhi ya taifa ya milima, na Mara huanzia kwenye miinuko ya Mau nchini Kenya. Ukiwa umesimama msituni Marangu, huku matone yanakudondokea begani bila kuwepo wingu la mvua, unaelewa jambo hili kwa namna ambayo mimi siwezi kukueleweshea kwa maandishi.

Umetaja Serengeti, na sitaki kukupotosha. Kama unachokitaka ni simba, tembo na nyumbu kwa wingi, basi nenda Serengeti. Lango la Ndabaka liko njia ya Musoma na utarudi nyumbani bila kuchoka. Hifadhi ya Arusha haina simba wa kukuonyesha, na Kilimanjaro unaweza kutembea siku nzima ukaona mbega, kima, ndege na nyayo za nyati tu. Tofauti ni kwamba Serengeti unakaa ndani ya gari na dunia inapita dirishani, ilhali hifadhi ya mlima unaingia kwa miguu. Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, twiga wakiwa mbele yenu wanatafuna na kuwatazama, na unasikia jinsi twiga anavyokata majani, sauti ambayo ndani ya gari huwezi kuisikia kwa sababu ya injini. Tena tambarare fupi za majani za Serengeti, zile ambako nyumbu huzalia, zimerutubishwa na majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro. Mlima ndio uliowapikia nyumbu chakula.

Kuna sababu moja zaidi, na hii ni ya Mtanzania kwa Mtanzania. Nimewahi kuwasikia watu wetu wakisema milima ni ya Wazungu. Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwezi Oktoba mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, lakini hakujua njia ya msituni. Wenyeji ndio waliompitisha na kumbebea mizigo. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyeuweka Mwenge na bendera ya taifa jipya juu ya Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda. Ada ya kuingia kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni ya chini sana kuliko ya mgeni kutoka nje, kwa hiyo hata geti lenyewe linakutambua kama mwenye nyumba.

Nije sasa kwenye presha yako. Ukipanda, kila pumzi unayovuta inabeba oksijeni kidogo zaidi. Kilele cha Uhuru pumzi moja ina takriban nusu ya oksijeni ya pumzi ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kuuharakisha moyo, na katika siku za mwanzo shinikizo la damu la watu wengi hupanda kidogo, hata la wale wasio na ugonjwa huo. Sasa fikiria mtu ambaye tayari ana presha, akaacha dawa katika siku hizo hizo. Baadhi ya dawa, zikikatishwa ghafla, presha hufumka kwa nguvu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo sababu nimesema mapema kwamba usiache. Kilicho kweli katika maneno ya jirani yako ni kidogo: zipo dawa za presha zinazouzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo mwenye kuzitumia hupanda polepole zaidi, na zipo zinazoongeza mkojo, kwa hiyo mwenye kuzitumia huishiwa maji haraka. Dawa hizo zinahitaji daktari apange dozi, mwendo na maji ya kunywa.

Kwa jumla, watu wengi ambao presha yao imedhibitiwa vizuri huweza kutembea katika mwinuko wa wastani bila matatizo. Dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kujitokeza juu ya mita 2,500. Momella iko karibu na mita 1,500, chini kabisa ya mpaka huo na juu kidogo tu ya Mwanza, hivyo mwili wako hautatambua tofauti kubwa. Mandara iko juu kidogo ya mpaka, lakini hulali huko; unafika, unapumzika na kushuka siku hiyo hiyo. Horombo na kuendelea mimi nisingekushauri kwa safari ya kwanza.

Kuhusu kijana wako, ninakuomba umsomee aya hii. Nguvu za kubeba magunia ni za misuli, na misuli haina cha kufanya na kasi ambayo mwili unazoea hewa nyepesi. Nilipanda Meru wakati fulani na kijana mmoja wa kutoka visiwani, mwenye mabega mapana, aliyetutangulia kila mahali akicheka na kutuita wazee. Tulipofika kibanda cha Saddle, kwenye mita 3,570, tulimkuta ameketi kwenye ngazi, kichwa amekiinamisha katikati ya magoti, ametapika mara mbili na hataki hata kuona chakula. Hakuwa dhaifu. Alikuwa amepanda haraka kuliko damu yake ilivyoweza kujipanga. Tulimshusha hadi Miriakamba, kibanda cha chini yake, na kabla ya kulala alikuwa anaomba uji. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Njia ya Marangu huruka karibu mita 1,000 kati ya kibanda na kibanda, mara mbili ya kipimo hicho, na ndiyo maana safari ya siku 5 huwashinda wengi wenye nguvu. Akitaka kupanda, achague siku 6 zenye usiku wa ziada Horombo, au njia ndefu ya Lemosho ya siku 7 au 8, na akubali kwenda mdogo mdogo hata miguu ikimwasha.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika ni onyo. Anayeyapata asipande zaidi hadi yaishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, kukosa pumzi akiwa ameketi au kukohoa mapovu, hapo hakuna kusubiri asubuhi, hakuna chai ya tangawizi, hakuna kuogopa kupoteza fedha za safari: ashushwe mara moja, usiku huo huo. Nanyi mnatoka ukanda wa ziwa, kwa hiyo kumbukeni malaria. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Mtu akichemka mwili mlimani au baada ya kurudi, apimwe malaria kabla ya kuulaumu mlima.

Ukiniuliza ningewapangia nini, ningewapeleka nyote Hifadhi ya Arusha kwa siku mbili, siku moja kwa miguu hadi maporomoko ya Tululusia na siku ya pili kwa gari kwenye maziwa ya Momella na ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Mkiamka mapema, kabla mawingu hayajajikusanya, kutoka upande wa Momella, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huonekana na barafu yake iliyobaki, na hapo utakuwa umeiona bila kuipandia. Kisha, kama miguu na daktari wamekubali, siku ya tatu mwende Marangu mpande hadi Mandara na kurudi, mkiwa na mwongozaji mwenye leseni. Wenye hamu ya kilele waendelee wao, nawe na mzee mrudi Moshi mkapumzike. Milima ya Udzungwa, yenye maporomoko ya Sanje ya mita 170, na Mahale yenye sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ni mizuri kwa kiwango ambacho siwezi kukieleza hapa, lakini kwa mtu anayeanzia Mwanza ni mbali au ni ghali, na kwa safari ya kwanza ningeiacha.

Basi la Mwanza hadi Arusha kupitia Singida na Babati ni safari ya siku nzima, kwa hiyo mkifika laleni, msianze kutembea siku hiyo; miguu iliyokaa garini muda mrefu huvimba, na kwa mwenye presha mapumziko hayo ni ya lazima. Nendeni Januari au Februari, ama kati ya Juni na Oktoba, muepuke masika ambayo hugeuza njia kuwa tope. Malipo ya getini hayafanywi kwa fedha taslimu, hivyo mwombe mwanao aulizie utaratibu mapema. Nguo za baridi hazihitaji duka la gharama: pale Mlango Mmoja kwenye mitumba utapata sweta la sufi, jaketi lisilopitisha mvua na viatu vyenye soli ya meno. Usinunue viatu siku ya mwisho. Vivae mwezi mzima ukienda navyo mwaloni, na siku mbili kwa wiki pandisha navyo kilima cha Isamilo au Bugando bila kusimama, uone unavyohema.

Lazima niseme pia kwamba unaweza kulipa, kusafiri, kutembea na mlima ukajificha mawinguni siku zote tatu. Imenitokea mara nyingi. Msitu hauondoki, na ndiyo maana nimekupangia msitu kwanza na mlima baadaye.

Kabla hamjalipia chochote, nenda kliniki yako ya presha, iwe ni Bugando, Sekou Toure au kituo unachohudhuria, angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Chukua daftari lako la vipimo na majina ya dawa zote, na umwambie daktari maneno haya kamili: nitatembea saa sita kwa siku, nitafika mita 2,700, na nitashuka siku hiyo hiyo. Kama presha yako imekuwa ikipanda na kushuka katika miezi ya karibuni, kama umewahi kupata kiharusi, kama unasikia maumivu ya kifua unapopanda ngazi au miguu inavimba jioni, mlima usubiri hadi daktari aseme vinginevyo, na sherehe hiyo ifanyieni kisiwani Saanane, ambako mtavuka kwa boti dakika chache na kutembea kivulini. Na baba yao apimwe pia, hata kama anasema hana tatizo. Umeniandikia habari za presha yako, ila yake hukuitaja.